Kigae na Dhahabu katika Pwani ya Wapondo

Kusini ya Afrika, kati ya mdomo wa mto Kei na mpaka wa Natal, iko pwani ambayo manahodha wa kale waliiogopa kupita nyingi zilizokuwa katika njia ya Bara Hindi. Msafiri aliyezoea mwambao wa Waswahili, wenye visiwa vyake, miamba yake ya matumbawe inayovunja mawimbi mbali na nchi, na mikono ya bahari ambamo jahazi huingia na kutulia, akifika huko hataona neema hizo. Majabali yameshuka baharini kama kuta. Mito ni mingi, lakini midomo yake imezibwa na mafungu ya mchanga. Na mkondo mkubwa wa Agulhas hupita karibu sana na nchi, ukikimbilia kusini-magharibi. Upepo mkali wa kusini-magharibi unapokutana na mkondo huo uso kwa uso, bahari huinua mawimbi ambayo hata meli za chuma za siku hizi hazina amani nayo. Hapo ndipo zilipopita merikebu za Wareno katika karne ya 16 na ya 17, zikirudi Lisbon na shehena ya pilipili, nguo, shanga na vyombo vya kauri. Nyingi zilikuwa chakavu, zimejazwa kupita kiasi, na zimechelewa kung'oa nanga hata zikakutwa na majira mabaya.

Baadhi yake hazikufika. Zilivunjika miambani na mizigo yake ikamwagika, na tangu wakati huo bahari imekuwa ikiirudisha kidogo kidogo, kama mdaiwa mgumu alipaye deni kwa senti. Maji ya bamvua yakipwa, hasa baada ya dhoruba kuukwangua mchanga, mtu atembeaye ufuoni huona kati ya makombe na changarawe kitu chekundu kisichokuwa kombe: ni ushanga wa akiki. Au huona kipande cheupe chenye mchoro wa buluu: ni kigae cha bakuli lililofinyangwa Uchina zaidi ya miaka 400 iliyopita. Karibu na Morgan Bay uko ufuo ulioitwa kwa jina la shanga, kwa kuwa bahari haijachoka kuzitapika hapo.

Vitu hivi ni vidogo, na mtu mwenye haraka huviona havina maana. Lakini ndivyo vilivyoeleza merikebu gani ilivunjika wapi, baada ya maandishi kutatanisha na baada ya watu waliotafuta dhahabu kupoteza mali zao katika maji yale yale.

Merikebu ya São João iliondoka Cochin tarehe 3 Februari 1552. Nahodha wake alikuwa Manuel de Sousa Sepúlveda, mtu wa ukoo bora, naye alisafiri pamoja na mkewe, Dona Leonor, na watoto wao wadogo. Tanga zake zilikuwa zimechakaa, na wakati mzuri wa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ulikuwa ukipita. Karibu na Rasi ilipigwa na dhoruba, ikapoteza mlingoti na usukani, ikasukumwa kurudi ilikotoka mpaka mwezi wa Juni ilipokatika vipande viwili, kisha vipande vingi, mbele ya macho ya watu waliokwisha kushuka pwani. Zaidi ya watu 100 walikufa maji. Waliofika nchi kavu walipata 500, na zaidi ya nusu yao walikuwa watumwa.

Walikaa ufuoni wakiuguza majeruhi, kisha mwezi wa Julai wakashika njia kwa miguu kuelekea kaskazini, wakitumaini kukuta jahazi la Wareno katika ghuba ya Delagoa, ambako sasa uko mji wa Maputo. Njaa, kiu, simba na vita viliwapunguza siku hadi siku. Waliowasili kisiwa cha Msumbiji tarehe 25 Mei 1553 walikuwa Wareno 8 na watumwa 17. Dona Leonor hakuwamo. Alivuliwa nguo na watu waliowapora, akajifukia mchangani hata kiunoni kwa haya, na hakuinuka tena. Habari hii, iliyosimuliwa na mmoja wa mabaharia walionusurika, Álvaro Fernandes, ilichapwa Lisbon katika kijitabu kilichosomwa kwa machozi. Camões aliigusa katika utenzi wake mkuu uliotoka mwaka 1572, na katika mwaka 1735 na 1736 Bernardo Gomes de Brito aliiweka ya kwanza katika mkusanyo wake wa habari za merikebu zilizopotea.

Yafaa kusema hapa kwamba machozi ya Lisbon yalimwagwa kwa kipimo. Msomaji wa kijitabu hicho atajua jina la mke wa nahodha, adabu yake na mauti yake. Lakini watumwa zaidi ya 300 waliotembea njia ile ile, wakipata kiu ile ile, wamehesabiwa kama magunia. Wajakazi watatu waliokuwa na Dona Leonor alipokufa walifika Msumbiji wakiwa hai. Bila ya wao na wenzao wachache isingejulikana alikufa vipi. Hakuna aliyeandika majina yao.

Kijitabu hicho kinaeleza pia jambo jingine, kwa kupita tu, ambalo kwa historia ya pwani lina thamani kubwa. Wenyeji waliposhuka kuwatazama wageni hawakuulizia dhahabu wala pilipili. Waliloulizia ni chuma. Wareno walitaka kununua ng'ombe, wakaonyesha misumari, na wenye ng'ombe wakafurahi. Lakini walipokuwa katika kupatana walitokea watu wengine wakapiga kelele kwa lugha yao kwamba biashara ile isifanywe, na ng'ombe akaondolewa. Sababu haikuandikwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuifasiri. Yamkini wale waliopiga kelele walikuwa wamekwisha kupima mambo: merikebu imevunjika, mbao zimetapakaa pwani, na kila ubao una misumari. Ya nini kutoa ng'ombe kwa kitu ambacho maji yatakileta bure?

Kama ndivyo, basi waokotaji wa kwanza wa pwani ile walikuwa wenyeji wenyewe, na walikuwa na akili ya kazi yao. Chuma kilihitajiwa kwa majembe na mikuki, na kukipata kwa kuyeyusha mawe ni kazi ya jasho jingi. Shaba ilifaa kwa mapambo. Shanga zilikuwa fedha. Merikebu iliyovunjika ilikuwa kwao kama nyangumi aliyekupwa: kitu kikubwa ambacho bahari imekileta bila ya kuombwa, na ambacho asiyekiwahi atakikosa. Wageni waliliita jambo hilo wizi, nao walikuwa na sababu, kwa kuwa walivuliwa hata mashati. Lakini sheria ya kwamba kitu kilichotupwa na maji ni cha mwenye pwani haikuwa ya Wapondo peke yao. Wafalme na makabaila wa Ulaya waliidai haki hiyo hiyo katika pwani zao karne nyingi, na huko nako mabaharia walivuliwa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Aprili 1554, merikebu ya São Bento ilivunjika katika mdomo wa mto Msikaba, mwendo mfupi tu kusini ya mahali ilipovunjika São João. Manuel de Mesquita Perestrelo, aliyekuwamo, aliandika habari zake kwa jicho kali kuliko mwenzake. Walipokuwa wakienda kaskazini walikutana na watu wa São João waliokuwa wamebaki nyuma na kukaa na wenyeji. Hawa hawakuwa maiti wala mateka, walikuwa wakaazi. Jambo hilo liliendelea kutokea katika pwani ile. Mwaka 1790 msafara wa Jacob van Reenen ulipotoka Rasi kwenda kutafuta watu wa merikebu nyingine, uliingia kijiji kizima cha watu waliozaliwa na wageni wa baharini, na humo wakawemo wanawake watatu wakongwe wa Kizungu waliotupwa pwani wakiwa watoto, wasiojua tena walitoka nchi gani. Ukoo wa abeLungu, ambao jina lake lina maana ya watu weupe, uko hadi leo. Bahari ilileta watu kama ilivyoleta shanga, na nchi ikawapokea.

Merikebu iliyotafutwa na van Reenen ilikuwa Grosvenor, ya Kampuni ya Kiingereza ya Bara Hindi, na hapo ndipo habari ya dhahabu inapoanza. Grosvenor iliondoka Trincomalee, katika kisiwa cha Sri Lanka, tarehe 13 Juni 1782, ikapanda mwamba wa pwani ya Wapondo tarehe 4 Agosti, kabla ya mapambazuko, nahodha wake, John Coxon, akidhani yuko mbali na nchi. Watu wapata 120 walifika pwani wazima. Waliojulikana kurudi kwa watu wao ni 18 tu. Van Reenen alipofika mahali penyewe miaka minane baadaye hakuona ila mizinga, risasi na vipande vya chuma vya farumi. Kila kilichochukulika kilikuwa kimechukuliwa.

Watu wengine wangesoma habari hiyo wakatosheka. Lakini Grosvenor ilikuwa imebeba Waingereza waliotajirika Bara Hindi, na ilijulikana kwamba ndani yake mlikuwa na sarafu na vito. Katika karne ya 19 watu waliopasua miamba kwa baruti walipata sarafu za dhahabu na za fedha, na kwa bahati mbaya walipata za kutosha kuwatia wazimu wengine. Kila mwaka uliopita hazina ilikua midomoni mwa watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa yakiundwa makampuni, hisa zikauzwa, na katika matangazo yao kikatajwa hata Kiti cha Enzi cha Tausi, kiti cha wafalme wa Delhi, kwamba kimelala chini ya mchanga wa Wapondo. Mtu yeyote mwenye kitabu cha historia angeweza kuona kwamba Nadir Shah alikichukua kiti hicho Delhi na kukipeleka Uajemi mwaka 1739, miaka 43 kabla ya Grosvenor kuzama. Walionunua hisa hawakufungua kitabu. Mwaka 1921 kampuni moja ilianza kuchimba handaki katika jabali la pwani ili kupita chini ya bahari na kuitokea merikebu kutoka chini, kama panya aingiaye ghalani kwa sakafu. Fedha zilikwisha, handaki likaachwa, na Kiti cha Tausi hakikuonekana.

Ni vigumu kuisoma habari hiyo bila ya kucheka, lakini ina hasara isiyochekesha. Baruti iliyopasua mwamba kwa ajili ya sarafu ilipasua pia kila kilichokuwa ndani ya mwamba huo. Aliyepata pagoda ya nyota, sarafu ya dhahabu ya Madras, aliiuza au aliifanya kidani, na haikuandikwa ilitoka ufa gani wala ililala pamoja na nini. Sarafu ile sasa yaweza kuwa popote duniani, na popote ilipo haisemi kitu ila uzito wake.

Wakati huo wote vigae vilikuwa vikiokotwa na kutupwa. Watoto walivirusha majini. Wenye nyumba za mapumziko waliweka viwili vitatu katika sahani dirishani. Baadhi ya watu, hata hivyo, walivitia katika mifuko na kuandika juu ya mfuko jina la ufuo, na hao ndio waliofungua mlango. Katika miaka ya 1980 Tim Maggs, mwanaakiolojia wa Jumba la Makumbusho la Natal katika mji wa Pietermaritzburg, alivichukua vitu vya namna hiyo kwa uzito wake. Mwaka 1982 yeye na Chris Auret walitoa maelezo ya vitu vya mdomo wa Msikaba, pahali ambapo wazamiaji walikuwa wamekwisha kutoa mizinga ya shaba, wakaonyesha kwamba ni mabaki ya São Bento. Mwaka 1984 Maggs aliigeukia São João.

Shida ya São João ilikuwa jina. Kusini ya hapo uko mji uitwao Port St Johns, na kwa kuwa São João ni Mtakatifu Yohana, watu wengi walisadiki kwamba merikebu ilivunjika mlangoni pa mji huo na mji ukapewa jina lake. Ilikuwa hoja tamu; kasoro yake ilikuwa moja, kwamba hapakuwa na kigae cha kuitegemeza. Vigae vya kauri ya katikati ya karne ya 16 vilikuwa vikitokea kwingine, katika ufuo wa Port Edward, karibu na mpaka wa Natal, pamoja na shanga za akiki. Simulizi ya 1552 nayo ilitaja digrii 31 kusini ya ikweta. Port Edward iko karibu kabisa na digrii hizo; Port St Johns iko zaidi ya nusu digrii mbele yake. Vigae na hesabu ya rubani vilikubaliana, jina likakosa shahidi.

Namna kigae kinavyosema mwaka wake si uchawi. Wafinyanzi wa Jingdezhen, mji wa Uchina uliotengeneza vyombo hivyo kwa maelfu, walibadili michoro yao kama washonaji wanavyobadili mishono. Maua yaliyopendwa zama za mfalme Jiajing, aliyetawala kutoka 1522 hata 1566, si yaliyopendwa zama za Wanli, mwishoni mwa karne hiyo. Ukingo wa bakuli, unene wa kitako, rangi ya buluu, alama iliyoandikwa chini, vyote hushuhudia. Na kigae cha merikebu iliyovunjika kina ubora ambao kigae cha mji hakina. Bakuli la mjini huishi katika kabati miaka 50 kabla ya kuvunjika, na bibi hulirithisha mjukuu. Bakuli la São João lilipakiwa karibu na mwanzo wa 1552 na likavunjika Juni ya mwaka huo. Tarehe yake yajulikana kama ya barua iliyopigwa muhuri. Kwa hiyo kigae cha Port Edward husaidia kuyasoma mabakuli yaliyojengewa katika makaburi ya Kunduchi na vigae vilivyofukuliwa Gedi na Kilwa, ambako hakuna aliyeandika siku chombo kilipowasili. Merikebu iliyopotea njiani imekuwa kipimo cha zile zilizofika.

Lugha yenyewe imehifadhi kitu hapa. Mswahili hulitumia neno kauri kwa yule konokono wa baharini mwenye gamba linalong'aa, aliyekuwa fedha ya nchi nyingi, na pia kwa chombo cheupe cha Kichina. Mtaliano, bila ya kushauriana naye, alikiita chombo hicho porcellana, jina ambalo kwanza lilikuwa la konokono huyo huyo, na kutoka kwake likaenea Ulaya nzima. Mataifa mawili yasiyojuana yalitazama weupe mmoja yakafikiri jambo moja. Katika ufuo wa Wapondo kauri zote mbili huokotwa pamoja, kwa kuwa merikebu zilibeba gamba na zilibeba bakuli.

Na akiki? Mawe yake yalichimbwa Gujarati, yakachomwa motoni ili wekundu wake ukolee, yakatobolewa na kusuguliwa na mafundi wa Cambay, mji ambao Waswahili waliujua kabla Mreno hajazaliwa baharini. Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, ameeleza kwamba Waislamu wa Kilwa, Mombasa na Malindi walikuwa wakipeleka Sofala nguo na shanga za Cambay na kuzibadili kwa dhahabu. Mreno hakubuni biashara hiyo. Aliikuta ikiendeshwa, akaingia kwa nguvu. Kwa hiyo mtu anayeokota ushanga mwekundu Port Edward ameshika bidhaa ya soko la Waswahili iliyopakiwa katika merikebu ya mshindani wao. Hakuna kijitabu cha Lisbon kinachosema hivyo waziwazi, na ushanga wasema.

Kwa haki yapasa kukiri kwamba mara moja moja dhahabu nayo hujitokeza, na ikijitokeza kwa njia njema huwa shahidi mzuri. Mwezi wa Aprili 2008, karibu na Oranjemund, kusini ya Namibia, wachimba almasi waliokuwa wamezuia bahari kwa kuta za mchanga walikuta mabaki ya merikebu ya Kireno, inayoaminiwa kuwa Bom Jesus iliyopotea mwaka 1533. Zilipatikana sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000, nyingi za Hispania. Vipande vya shaba vyenye alama ya matajiri wa Kijerumani wa ukoo wa Fugger. Na pembe za ndovu zaidi ya 100. Dhahabu ilijaza magazeti. Lakini uchunguzi wa pembe, uliotangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba zilitoka kwa ndovu wa misitu ya Afrika ya Magharibi, wa makundi yasiyopungua 17, na habari hiyo ya biashara ya pembe haikuwa imeandikwa katika daftari lolote linalojulikana. Tena merikebu ile ilikutwa kamili kwa sababu moja ya ajabu: pwani ya almasi ilikuwa imefungwa na walinzi kwa miongo mingi, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kukanyaga mchanga wake. Uroho wa almasi uliilinda dhahabu na uroho wa dhahabu.

Pwani ya Wapondo haikufungwa, wala haielekei kufungwa. Watu wanaishi hapo, wanavua, wanatembea. Sheria ya urithi wa taifa ya Afrika Kusini ya mwaka 1999 imeweka kwamba mabaki ya merikebu yenye umri wa zaidi ya miaka 60, pamoja na vilivyokuwa ndani yake, yamo katika hesabu ya mambo ya kale, ni mali ya dola, na hayaondolewi bila ya kibali. Ni sheria nzuri, na askari wa kuisimamia katika kila ufuo, kila maji yanapokupwa, hayupo wala hatakuwapo. Jambo kubwa limebaki mikononi mwa mtu mmoja anayeinama mchangani akiwa peke yake. Ushanga ukiingia mfukoni kimya umekufa mara ya pili. Ukiachwa mahali pake, au ukipelekwa panapostahili na kuelezwa ulikolala, karibu na mwamba gani, baada ya dhoruba gani, na kando ya kigae cha namna gani, umeongeza mstari katika habari ambayo Álvaro Fernandes hakuimaliza. Kwa sababu hii wanaakiolojia huthamini zaidi kigae kimoja chenye anwani kuliko sanduku zima la vigae visivyojulikana vilikotoka, jambo ambalo wakusanyaji wengi huliona kuwa ukaidi wa wasomi.

Mfano ulio wazi kabisa wa jambo hilo umetoka mbali sana na pwani ya Wapondo, lakini unaigusa Kilwa yenyewe. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa jeshi la anga la Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa na zamu katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya nchi hiyo. Siku moja alipokwenda kuvua samaki aliona mchangani sarafu tisa. Aliziweka katika kopo, na kopo likakaa. Zilipopelekwa kwa wajuzi mwaka 1979 ilionekana kwamba nne ni za Kampuni ya Kiholanzi ya Bara Hindi, na tano ni za shaba za masultani wa Kilwa, zilizopigwa karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kuiona Australia. Sarafu za Kilwa hazina mwaka wala jina la mji. Zina jina la sultani na sifa zake, upande mmoja ukifanya kina na upande wa pili. Mahali pengine popote nje ya Afrika ya Mashariki ni nadra mno kuonekana.

Zilifikaje? Wapo wanaofikiri kwamba zilitoka katika merikebu iliyovunjika. Wengine husema zilikuwa katika mkoba wa baharia aliyezichukua Kilwa, pengine Mreno, kwani Francisco de Almeida aliuteka na kuupora mji huo mwaka 1505. Wengine hutaja wavuvi wa Makassar waliokuwa wakienda Australia kutafuta majongoo ya bahari. Zile nne za Kiholanzi hutia shaka katika kila jibu la haraka, kwa maana zilizookotwa pamoja huenda zilianguka pamoja, na basi safari ya sarafu za Kilwa iliisha katika karne ya 18 au baadaye. Ikiwa kuna jibu litakalopatikana, litapatikana kwa sababu Isenberg alifanya jambo ambalo wachimbaji wa Grosvenor hawakulifanya: alichukua ramani ya kisiwa akatia alama ya msalaba mahali alipoziokota. Ramani hiyo ilimfikia mwanaanthropolojia Ian McIntosh, na mwaka 2013 msafara ulikwenda Marchinbar kuifuata alama ile. Haukupata sarafu nyingine ya Kilwa. Mwaka 2018, katika ufuo wa kisiwa cha Elcho, visiwa vichache kusini-magharibi, iliokotwa sarafu moja ya shaba inayofanana nazo kwa ukubwa na umbo. Lakini chumvi imeila nyuso zote mbili, na jina la sultani, kama lilikuwapo, halisomeki.